Pazia la Marinda: Dirisha Lipendeze, Mtoto Apumue

Kila mwaka mpunga unapokwisha kuvunwa, sisi wa Katindiuka tunaijua sauti moja kabla hatujaamka vizuri: sauti ya cherehani. Fedha kidogo imeingia, madeni ya kulimia yamelipwa, na kila mama anatazama madirisha yake. Wengine wana mgeni wa Komunyo ya Kwanza au Kipaimara. Wengine wanangoja wakwe wanaokuja kwa posa. Wengine wamechoka tu na pazia lililopauka jua tangu Krismasi ya mwaka juzi.

Katika kutembelea kaya za jumuiya, sisi tunaofanya kazi ya uuguzi huulizwa kwanza habari za kliniki, halafu, chai ikishamiminwa, swali la pili hufuata: "Nesi, na hilo pazia, nishone mtindo gani? Fundi anasema marinda ya kubana, jirani anasema ringi, na mwanangu kule Morogoro anasema nitie mkanda."

Zamani tulikuwa tunacheka na kujibu kwamba hayo ni mambo ya fundi. Siku hizi hatucheki. Nyumbani kwetu pazia lilitufundisha somo kwa njia ngumu, na tunaona ni vema tulieleze hapa ili mama mwingine asilipie karo ileile.

Chumba kilichofungwa

Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri. Tulinunua kitambaa kizito chenye maua, tukakipeleka kwa fundi tukiwa na haraka. Akakunja upande wa juu, akashona mfereji, tukapitisha waya wa springi, tukaukaza kwenye misumari miwili, moja huku na moja kule. Kazi ya asubuhi moja. Chumba cha watoto kikaonekana kama cha mjini.

Baada ya majuma machache waya ulilegea katikati. Kitambaa kikajikusanya mahali pamoja, na kila aliyejaribu kulivuta pazia lilikwama. Ukilivuta kwa nguvu, msumari unatoka na udongo. Basi tukafanya kama wanavyofanya wengi: tukaliacha limefungwa, asubuhi, mchana na usiku. Tulijiambia kwamba angalau wapita njia hawaoni ndani.

Kisha ikaja Oktoba, ikaja Novemba. Anayelijua bonde la Kilombero hahitaji kuelezwa joto la miezi hiyo, kabla mvua hazijashika. Chandarua kilikuwepo, kizima, kimetundikwa vizuri juu ya kitanda. Kila usiku tulikichomeka chini ya godoro kwa mikono yetu wenyewe.

Mwezi wa Desemba mtoto wetu wa pili, wa miaka sita, alishikwa na homa kali, na kabla ya mapambazuko akapata degedege. Tulimbeba tukikimbia. Alipimwa, akakutwa na malaria, akaanza dawa. Mwenzetu wa zamu alituuliza swali ambalo sisi wenyewe tumewauliza akina mama mamia kwa mamia: "Mtoto analala ndani ya chandarua?"

Tulijibu haraka, "Ndiyo, kila siku."

Siku ya pili mtoto alipopata nguvu za kusema, alitusahihisha mwenyewe. "Mama, mle ndani kuna joto. Mkishalala mimi natoka, nalala kwenye mkeka pale mlangoni."

Hatukuwa na neno. Muuguzi anayefundisha wenzake habari za chandarua, mtoto wake analala chini bila chandarua kwa sababu ya pazia lisilofunguka! Tunamshukuru Mungu alipona bila kilema. Lakini maneno yale hayajatutoka moyoni.

Kwa nini tunalisema hili Ifakara

Bonde letu lina mto, mabwawa na mashamba ya mpunga, na pale yalipo maji mbu hawakosi. Ndiyo maana mji wa Ifakara una historia ndefu ya utafiti wa malaria. Maabara ya Waswisi ilianzishwa hapa mwaka 1957, na ndiyo iliyokuja kukua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Wengi wetu tunakumbuka vyandarua vilivyouzwa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga kuanzia miaka ya 1996 na 1997. Matokeo ya mpango ule yalitangazwa mwaka 2001: kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4, chandarua chenye dawa kiliongeza uwezekano wa kuishi kwa asilimia 27. Hao ni watoto wa majirani zetu, si hadithi ya mbali.

Lakini chandarua humsaidia aliye ndani yake tu. Na jambo linalowatoa watu ndani ya chandarua, tunalolisikia nyumba baada ya nyumba, ni joto. Hatusemi kwamba rinda linatibu malaria. Tunasema kwamba pazia likifunguka kwa urahisi, chumba hupata hewa jioni kabla ya kulala, na mtoto huvumilia kukaa ndani ya chandarua mpaka asubuhi. Kinachoamua kama pazia litafunguka ama litakwama ni ile sehemu ya juu, yaani kichwa chake. Kwa hiyo hebu tuiangalie mitindo tunayoweza kuipata hapa kwetu.

Mitindo ya kichwa cha pazia

Kwanza, pazia la mfereji. Ni lile tulilolieleza, la kupitisha waya au fimbo ndani ya pindo. Ni rahisi kuliko yote na halihitaji kulabu. Lina mahali pake: dirisha la stoo, au kitambaa chepesi ambacho hukifungui. Ukilitumia chumba cha kulala, basi tumia fimbo ngumu badala ya waya, na mfereji uwe mpana ili kitambaa kiteleze.

Pili, marinda ya mkanda. Fundi hushona nyuma ya pazia mkanda wenye kamba mbili au tatu ndani yake. Ukivuta kamba, kitambaa hujikunja marinda madogomadogo yaliyosimama karibu karibu. Uzuri wake ni kwamba ukitaka kufua unalegeza kamba, pazia linarudi kuwa bapa, linafulika na kupigwa pasi bila taabu. Tena mwenye kuhamahama, kama mke wa mwalimu au wa askari, analipanua au kulibana kulingana na dirisha la nyumba mpya. Kamba zinazobaki zisikatwe. Zifungwe fundo na kufichwa juu nyuma ya pazia, mahali ambapo mtoto mchanga hafiki, maana kamba inayoning'inia karibu na kitanda inaweza kumnyonga.

Tatu, marinda ya kubana. Haya ndiyo fundi anayapenda. Kitambaa hukunjwa vidole vitatu pamoja, vikabanwa kwa mshono chini kidogo ya ukingo wa juu, kisha pazia likaanguka kama nguzo. Ndani ya kichwa huwekwa kitambaa kigumu kama kile cha kola ya shati ili marinda yasilale. Kila rinda lina kulabu yake nyuma, na kulabu hukaa kwenye kijiringi kinachotembea juu ya fimbo au reli. Ukilivuta pazia hili, linajikunja lenyewe kama kitabu na kukaa pembeni, dirisha lote likabaki wazi. Hasara yake ni mbili: linakula kitambaa kingi, na likishashonwa halibadiliki upana. Ukikosea kipimo umekosea.

Nne, marinda ya boksi, kama ya sketi za shule. Yanapendeza sana yakiwa bapa na yamepigwa pasi, lakini hayapendi kusukumwa pembeni. Yafaa kwa kile kipande kifupi cha juu kinachoficha fimbo, si kwa pazia la kufungua na kufunga kila siku.

Tano, ringi kubwa za kutoboa. Hizi si marinda hasa, ni mawimbi, lakini zimeenea sana. Zinateleza vizuri. Hakikisha tu ringi ni namba shufwa, yaani 8 au 10, si 7 wala 9, ili ncha zote mbili za pazia zielekee ukutani. Na fimbo iwe nyembamba kuliko tundu, la sivyo utarudi kwenye kukwama.

Kwa chumba cha kulala cha watoto, sisi tunachagua la pili au la tatu. La pili kwa mwenye fedha kidogo au nyumba ya kupanga. La tatu kwa mwenye nyumba yake na fundi anayejua kupima.

Kupima bila kubahatisha

Makosa mengi hutokea kwa sababu mama hununua kitambaa kwanza, halafu ndipo anapima dirisha. Chukua futi ya fundi, au hata kamba, kabla hujaenda sokoni. Tutoe mfano wa dirisha la kawaida la hapa kwetu.

Dirisha lina upana wa sentimita 120. Fimbo ipite sentimita 15 kila upande, iwe 150. Sababu yake ni kwamba pazia likifunguliwa likae mbele ya ukuta, lisizibe hewa. Kwa marinda ya kubana au ya mkanda, kitambaa kiwe karibu mara mbili ya urefu wa fimbo. Basi tunahitaji mita 3 za upana, yaani vipande viwili vya kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu, kimoja kwa kila upande wa dirisha.

Sasa chukua kipande kimoja cha sentimita 150. Kunja pindo la pembeni sentimita 5 kila upande, zinabaki 140. Tunataka likiisha liwe 80, ili mapazia mawili yakutane katikati na kupandana kidogo. Kwa hiyo sentimita 60 ndizo za kula marinda. Gawa kwa marinda 5: kila rinda linapata sentimita 12. Zile 80 zilizobaki ni nafasi: acha sentimita 8 kila mwisho, na katikati ya rinda na rinda acha 16. Hesabu tena: 60 za marinda, 64 za nafasi nne za katikati, 16 za miisho miwili. Jumla 140. Kulabu ni 5 za marinda na 2 za miisho, yaani 7 kwa kipande, 14 kwa dirisha zima.

Urefu nao tusiusahau. Tuseme toka kwenye fimbo mpaka chini kidogo ya kizingiti cha dirisha ni sentimita 150. Ongeza 10 za kichwa na 15 za pindo la chini, inakuwa 175. Vipande viwili ni mita 3 na nusu. Andika kwenye karatasi, mpe fundi, na mwombe aweke marinda kwa pini kabla ya kushona. Fundi mzuri hakasiriki akipimiwa, hufurahi.

Sebuleni pazia linaweza kufika karibu na sakafu. Chumbani mwa watoto hatushauri. Pazia refu linakusanya vumbi, linavutwa na mtoto anayetambaa, na mbu hupenda kujificha mchana katika mikunjo yenye giza, kama wanavyojificha katika nguo zilizotundikwa ukutani. Lifungue kila asubuhi, ulikung'ute, jua liingie. Hewa na mwanga wa jua ndani ya chumba ni kinga pia dhidi ya kifua kikuu, ambacho hupendelea vyumba vyenye watu wengi na hewa iliyosimama.

Kitambaa na fimbo

Kitambaa cha pamba hupitisha hewa na hushika rinda vizuri, lakini kingine hurudi kikifuliwa. Kiloweke usiku mmoja na kukikausha kabla hakijakatwa. Tunao hapa Ifakara akina mama wanaofuma vitambaa vya pamba kwa mitambo ya mkono. Ukipata fedha ya kununua kwao, utakuwa umelipamba dirisha lako na kumlisha mtoto wa mwenzako. Vitambaa vinavyong'aa vya nailoni ni vyepesi kufua, lakini huyeyuka na kushika moto haraka. Penye kibatari au mshumaa visikaribie.

Usidharau mitumba. Mara nyingi utakuta pazia la Ulaya limeshashonwa marinda ya kubana, na kulabu zake zimo. Lipime tu, kwa maana limeshonewa dirisha jingine. Likiwa refu, kata chini, kamwe usikate kichwa.

Fimbo inaweza kuwa bomba jepesi, au ubao wa mtiki uliopigwa randa vizuri, maana mitiki tunayo bondeni. Katika nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, msumari mtupu hautashika. Pigilia kwanza kipande cha ubao juu ya fremu ya dirisha, halafu ndipo uweke fimbo. Marinda mazuri juu ya waya uliolegea ni kazi bure.

Mahali pa pazia na mahali pa chandarua

Tuliwahi kuingia nyumba moja tukakuta sebuleni pazia jeupe jepesi, limeshonwa marinda ya kupendeza mno. Tulipolishika tukalitambua: ni chandarua cha kliniki. Mama yule aliinamisha kichwa. Wageni wa posa ya binti yake walikuwa wanakuja, na hakuwa na fedha ya kitambaa. Hatukumsema, kwani aibu ya dirisha tupu mbele ya wakwe tunaijua sote. Tuliketi naye, tukatafuta doti ya kitenge ambayo haikuwahi kuvaliwa, tukaishona mfereji, na chandarua kikarudi kitandani kikiwa na viraka. Wakwe walikuja. Hakuna aliyeuliza habari za marinda.

Kwa hiyo tuweke mambo sawa. Pazia, hata liwe na marinda kumi, halizuii mbu. Kinachozuia dirishani ni wavu wa madirisha usio na tundu, na kitandani ni chandarua. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamejaribu mikanda ya gunia iliyotiwa dawa na kutundikwa katika uwazi ulio kati ya ukuta na paa, nayo imeonyesha matumaini. Hiyo ni kazi ya wataalamu. Wewe usinyunyizie pazia lako dawa ya shambani, itadhuru watoto.

Pangilia fedha yako hivi: kwanza wavu wa dirisha, pili chandarua cha kila kitanda, tatu fimbo iliyonyooka, na mwisho kitambaa na marinda yake. Mwenye kuanza na la mwisho atafanana na sisi wa mwaka ule.

Kitambaa kilekile

Mnaweza kuuliza tulifanya nini mtoto aliporudi nyumbani. Hatukununua kitambaa kipya, fedha zote zilikuwa zimekwisha. Baba watoto alichomoa ule waya akautupa, akapigilia ubao na kuweka fimbo. Sisi tulifumua mfereji usiku, mshono kwa mshono, tukaongeza kitambaa kigumu, na fundi yuleyule akashona marinda ya kubana, mara hii tukiwa tumesimama na karatasi ya vipimo mkononi. Maua yalikuwa yaleyale. Jioni ya kwanza mtoto mwenyewe alilivuta pazia kwa mkono mmoja, likaenda mpaka mwisho, upepo wa mtoni ukaingia kupitia kwenye wavu.

Usiku ule tuliamka mara tatu kwenda kumtazama. Mara zote tatu alikuwa ndani.

Wanaosoma Kitabu cha Kutoka, sura ya 26, wanajua kwamba hata hema la kukutania lilikuwa na mapazia yaliyopimwa kwa dhiraa, yenye vitanzi 50 na vifungo 50. Vitanzi vilihesabiwa kama vile ambavyo kitambaa kilipimwa. Mama mpenzi, nawe ukienda kwa fundi mwaka huu, usione haya kuhesabu kulabu zako. Kabla ya kumlipa, livute pazia mara tano, kwenda na kurudi. Likikwama hata mara moja, mrudishie alirekebishe.